Kelbu wa Dengay Ber

Watu wa Dengay Ber huvuta maneno, na wana sababu yao. Kijiji kimekatwa katikati na korongo, nusu ya nyumba ziko huku na nusu kule, na mtu akitaka kumuuliza shemeji yake kama ng'ombe ameshazaa, hashuki korongoni akalipanda tena. Anasimama ukingoni na kupaza sauti. Neno fupi huanguka njiani, kwa hiyo wanalivuta mpaka lifike. Yirdaw alizaliwa hapo, akakulia hapo, na alipopelekwa shule ya kine akiwa kijana mwenye ndevu chache kidevuni, alikwenda na ulimi wa kwao kama mtu anavyokwenda na pua yake.

Bahati mbaya, shule ya kine si mahali pa kuvuta maneno. Kine ni shairi fupi la Kigeezi, lugha ya kanisa, linalotungwa jipya kwa sikukuu na kusemwa mbele ya makasisi wakati ibada inaendelea. Huko Gojjam, jimbo lao, wanasema shairi hilo lina nta na dhahabu. Nta ni maana ya juu, ile anayoisikia kila mwenye masikio. Dhahabu iko ndani, na huipati mpaka uiyeyushe nta kwa akili yako mwenyewe. Wanaume wazima wamezeeka katika vibanda vya nyasi wakitafuta dhahabu hiyo, wamevaa ngozi za kondoo mabegani, wakila walichoomba mlangoni kwa watu. Na Kigeezi kina wivu kuliko bibi harusi: irabu ikirefuka kidogo tu, neno limekuwa jingine.

Mwaka wake wa kwanza, Yirdaw alisimamishwa asome zaburi mbele ya shule nzima. Alifika pale mtu wa zaburi anapolia, "Uniponye na upanga, uniponye na nguvu za mbwa." Kwa Kigeezi mbwa ni kelbu, sawasawa na tusi la watu wa pwani. Sasa ukilichukua neno hilo na kulivuta hapo mwanzoni, kama mtu anayemwita shemeji ng'ambo ya korongo, tayari umemtaja Kalebu, mpelelezi wa Musa, mzee wa watu ambaye hajamkosea mtu wa zaburi kitu chochote. Yirdaw akalivuta.

Mwalimu wao, Yeneta Admasu, alikuwa mzee mwembamba asiyecheka. Yeneta ndivyo mwanafunzi anavyomwita mwalimu wake nchi hiyo, na ole wako umwite kwa jina tupu. Aliiweka fimbo yake chini taratibu.

"Kalebu amekufanya nini, mwanangu," aliuliza, "hata umwombe Mungu akuponye naye?"

Shule ilicheka mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Tangu siku hiyo Yirdaw hakuwa Yirdaw tena. Alikuwa Kalebu kwa wenzake, Kalebu kwa wachota maji, Kalebu hata kwa kina mama waliompa chakula, ambao hawakujua Kigeezi wala hawakujua wanacheka nini. Na kila walipomwita walilivuta jina, ili asisahau. Aliumia. Alijizoeza peke yake porini, akikatakata maneno mafupimafupi kama anayekata vitunguu, lakini akisimama mbele za watu ulimi ulirudi kwao.

Miaka ikapita. Wenzake walipata baraka ya Yeneta, wakaenda kufundisha. Yeye akabaki.

Kisha, mwaka tunaousema, mjomba wake Asres alifika kutoka Dengay Ber, amepauka kwa vumbi la njia. Alileta habari kwamba mwalimu wa kine wa kanisa lao amefariki wakati wa mvua, na wanafunzi wamekaa tu wakiota jua. Wazee walimtaka Yirdaw, kwa kuwa ni mtoto wao. Lakini kanisa haliwezi kuchukua mwalimu asiye na baraka, na wazee walikuwa wamechoka kungoja. Wangemchukua yeyote atakayetoka na baraka ya Yeneta katika sikukuu inayokuja. Asres aliongeza, huku akitazama pembeni, kwamba watu wameshaanza kumtaja kijana mmoja hodari anayeitwa Libanos.

Sikukuu yenyewe ni ile ya Wenye Uhai Wanne, wanaokizunguka kiti cha enzi: wa kwanza kama simba, wa pili kama ndama, wa tatu mwenye uso wa mwanadamu, wa nne kama tai arukaye. Huangukia mwezi wa Hidar, wakati wakulima wanavuna. Katika sikukuu hiyo Yeneta alikuwa na desturi yake. Alisikiliza kine za wanafunzi wote, na ile iliyomgusa aliijibu kwa neno moja tu: rudia. Aliyeambiwa rudia alipata baraka. Ilipita miaka mingine neno hilo halikutoka kabisa, na watu walirudi nyumbani na mashairi yao mazuri kama waliorudi na mitungi mitupu.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kwa Yirdaw. Rudia, au Dengay Ber iende kwa Libanos.

Jioni ya kugawana wanyama, kila mwanafunzi ataje mnyama wa Maandiko atakayemtungia kine, alichelewa. Kosa halikuwa lake. Zamu yake ya kuomba chakula ilimpeleka ng'ambo ya kilima. Alipofika, wenzake walikuwa wameshakaa duara mbele ya kibanda cha Yeneta, na kila mmoja ameshamtaja mnyama wake. Libanos, mtoto wa kasisi, mwenye ulimi uliokata maneno kama wembe, alikuwa amemchukua simba. Ndama amekwenda, tai amekwenda. Hata nyoka wa shaba alikuwa na mtu wake, na mwana-kondoo, na njiwa wa Nuhu, na mbuzi wa Azazeli.

Yirdaw aliuliza nani amebaki.

"Amebaki wa kwenu," alisema Libanos. "Kelbu." Akalivuta neno, polepole, mpaka likafika ng'ambo ya pili.

Walicheka wote. Yirdaw alikuwa na njaa, mguu unamuuma, na amechoka na miaka yote ile ya kuchekwa. Akasema kwa sauti kubwa kwamba vizuri, atamchukua mbwa.

Alijua papo hapo kwamba amejiharibia. Mnyama akitajwa mbele ya Yeneta amechukuliwa, ndiyo sheria ya nyumba ile, na Yeneta alikuwa amekaa mlangoni akisikiliza. Mzee alitikisa kichwa kukubali na kuingia ndani.

Sijui kama msomaji anaelewa ubaya wa jambo hili. Yeneta mwenyewe aliwafundisha kwamba katika Maandiko hakuna mnyama wa upande mmoja. Simba ni wa kabila la Yuda, na simba ndiye yule adui angurumaye akitafuta mtu ammeze. Nyoka alitupotosha bustanini, na nyoka wa shaba akawaponya watu jangwani. Mbuzi husimama mkono wa kushoto siku ya hukumu, na mbuzi huyohuyo alibebeshwa dhambi za taifa akaenda nazo nyikani. Geuza mnyama yeyote utaona upande wa pili. Isipokuwa mbwa. Wanafunzi wa kine walikuwa wamemgeuza mbwa tangu enzi za babu zao wakaona mbwa. Anayarudia matapishi yake. Anamla Yezebeli. Haifai kumpa kilicho kitakatifu. Na katika kitabu kilekile kinachowaketisha Wenye Uhai Wanne kando ya kiti cha enzi, mlango wa mwisho, imeandikwa kwamba nje wako mbwa. Katika nchi ya Yirdaw hilo si neno la kitabuni tu: mbwa akipita uzio wa kanisa, watu hukimbia na mawe.

Yirdaw alijaribu. Mungu ni shahidi wake, alijaribu. Aliwatafuta mbwa waliomlamba Lazaro vidonda, lakini Libanos alipita akamwambia kwamba hao wametajwa ili tujue maskini alivyofikia pabaya. Akamchukua mbwa wa Tobia, aliyefuatana na bwana wake na malaika safarini, akampelekea Yeneta mistari miwili ya mwanzo.

"Huyu mbwa wa Tobia ameshachoka," Yeneta alisema. "Kila mvivu amepita naye hapa. Kamtafute wa kwako."

Na juu ya hayo Libanos alikwenda kwa mkuu wa kanisa kulalamika kwamba si heshima kelbu atajwe siku ya Wenye Uhai Wanne. Mkuu alimwita Yeneta. Walichozungumza hakijulikani, ila Yeneta alirudi uso umekunjamana, akamwambia Yirdaw kwamba atasema kine yake, lakini ikiwa ni aibu, itakuwa aibu yao wawili, na asubuhi yake akunje ngozi yake arudi kwao bila baraka wala kwaheri. Mjomba Asres alikuwepo akisikia. Usiku ule mjomba hakula.

Zilipobaki siku chache, zamu ya kuomba chakula ilimrudia Yirdaw, na njia ikampeleka kwa Emama Bosena.

Emama Bosena, yaani Mama Bosena, alikuwa mjane aliyeishi peke yake juu ya kilima, na alikuwa na mbwa aliyeitwa Mechal, yaani kuvumilia. Jina hilo alimpa ili majirani waliomsumbua kwa ajili ya mpaka wa shamba walisikie kila anapomwita. Mbwa mwenyewe hakuvumilia chochote. Mwanafunzi wa kine na mbwa wa kijiji ni maadui tangu dunia iumbwe, ndiyo maana kila mwanafunzi hutembea na fimbo. Lakini Mechal alizidi. Kovu la mguuni mwa Yirdaw lilikuwa lake.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito, huoni hata kidole chako. Yirdaw alisimama mbali, fimbo mkononi, akaita kwa jina la Mariamu kama inavyopasa. Emama Bosena akamwambia asogee bila wasiwasi, maana mbwa hayupo. Amemtuma.

Yirdaw alidhani amesikia vibaya. Akauliza, mbwa anatumwa wapi?

"Uwanja wa kupuria nafaka, kule chini," alisema Emama Bosena. "Jana fisi walilia upande huo, na kijito kimejaa. Wanaume wote wa hapa nimewauliza kama kunapitika. Huyu kaniambia fisi ni wakubwa kama punda. Yule kaniambia maji yatanibeba. Hakuna aliyekwenda kutazama, mwanangu, wote wanasimulia woga wao tu. Basi namtuma Mechal. Akirudi mkia juu, naenda."

Waliketi kizingitini wakingoja. Emama Bosena alimuuliza kwa nini amekonda, naye akajikuta anamwambia yote: sikukuu, Libanos, neno rudia, mjomba asiyekula. Akamwambia amepewa mbwa, na mbwa hana dhahabu. Mama wa watu hakujua dhahabu gani inayosemwa, lakini alisikitika, akaingia ndani kumletea chakula.

Ndipo Mechal alipotokea kwenye ukungu. Amelowa mpaka tumboni, makapi ya nafaka yamemganda manyoyani, na shingoni amenasa suke zima, limening'inia kama mkufu. Mkia ulikuwa juu. Yirdaw alishika fimbo yake, lakini mbwa hakumjali. Alikuwa na habari za kupeleka.

"Kalebu!" Emama Bosena aliita kutoka ndani, kama kila mtu alivyomwita, na alilivuta. "Njoo ule, chakula tayari."

Yirdaw aliinuka. Mechal, aliyesikia chakula, akaingia pamoja naye, bega kwa goti, na wote wawili wakakwama mlangoni. Emama Bosena aliwatazama, mkate wa injera mkononi, akacheka hadi machozi.

"Nimemwita mmoja," alisema, "wamekuja wawili."

Yirdaw alisimama palepale mlangoni. Alimtazama mbwa. Alilitazama suke. Akaketi chini kwenye vumbi, hakula, na Emama Bosena akaogopa kwamba njaa imempanda kichwani. Alimwuliza kama anaumwa. Yirdaw akamjibu kwamba haumwi, ila amekuwa mjinga kwa miaka mingi sana, akachukua fimbo yake na kuondoka akikimbia kwenye ukungu, chakula amekiacha. Mechal alikula sehemu zote mbili.

Asubuhi ya sikukuu kanisa lilijaa. Ndani walikuwa makasisi na wasomi, vilemba vyeupe na fimbo za kuegemea, ngoma zimenyamaza zikisubiri. Nje, uwanjani, watu walikuwa wengi zaidi kuliko ndani, kama ilivyo siku zote katika nchi ile: aliyevunja mfungo, mama mwenye mtoto mchanga, aliyegombana na mkewe, yeyote anayejiona hayuko safi, husimama nje na shuka lake jeupe na kusali kutoka hapo. Emama Bosena alikuwa nje. Mbali zaidi, nje ya uzio wenyewe, alikuwa Mechal, amelala na pua yake juu ya miguu, kwa sababu huwezi kumzuia mbwa kumfuata mtu wake.

Libanos alitangulia. Tusimwonee: kine yake ilikuwa nzuri. Simba wake alitoka Yuda akiwa amelala, akaamka siku ya tatu, na kila irabu ilikaa mahali pake kama jiwe la pete. Wasomi waliguna kwa raha. Mjomba Asres, aliyesimama kando ya nguzo, aliinamisha kichwa. Kila mtu alimtazama Yeneta. Yeneta alikuwa ameegemea fimbo yake, macho yamefumbwa, na hakusema kitu.

Wengine wakafuata. Ndama, tai, njiwa. Yeneta kimya.

Yirdaw aliitwa mwisho. Mtu mmoja nyuma alibweka kidogo, kwa mzaha, na vicheko vikapita chini kwa chini. Yirdaw alifikiri juu ya kukatakata maneno kama vitunguu, kama alivyojizoeza. Kisha akaamua hapana. Akavuta pumzi kama mtu aliyesimama ukingoni mwa korongo mwenye shemeji ng'ambo, akasema kine yake kwa Kigeezi, na sauti yake ikatoka kanisani ikavuka uwanja wote.

Kwa lugha yetu ilisema hivi:

*Bwana wa nyumba aliwatuma watu wake walitazame shamba,*
*panzi kumi wakarudi, kila mmoja na kilio chake.*
*Enyi mliolala jangwani, mkisikia kubweka nje msitupe mawe:*
*katika wote waliotoka Misri, wawili tu waliingia,*
*Iyasu, na kelbu aliyemfuata.*

Ila neno lile, kelbu, hakulisema fupi. Alilivuta. Alilivuta kama alivyolivuta siku ile ya zaburi, waziwazi, kwa makusudi, mbele ya makasisi wote, na wote wakasikia Kalebu.

Kanisa likawa kimya. Ukimya huo Yirdaw aliujua. Ni ule unaotangulia kicheko. Alisubiri. Kicheko hakikuja. Wasomi walikuwa wameinama, midomo inachezacheza, wanaiyeyusha nta. Wapelelezi kumi waliorudi kwa Musa wakilia, wakisema mbele ya majitu ya nchi ile sisi ni kama panzi. Wawili waliosema twendeni. Kizazi kizima kikafia jangwani, na walioingia nchi ya ahadi ni hao wawili peke yao: Yoshua, ambaye kwa Kigeezi ni Iyasu, na Kalebu, ambaye jina lake limeachana na mbwa kwa pumzi moja tu. Halafu nta ikayeyuka tena chini ya ile ya kwanza, maana Iyasu limeachana na jina la Mwokozi kwa pumzi hiyohiyo. Mzee mmoja karibu na madhabahu alijipiga kifua na kusema, "Amemfuata Bwana wake mpaka ndani." Mwingine akashika fimbo ya jirani yake bila kujua.

Yeneta Admasu alifumbua macho.

"Rudia," alisema.

Yirdaw alirudia. Safari hii fimbo za wasomi ziligonga sakafu mwishoni mwa kila mstari, na alipofika kwenye Kalebu waligonga zote pamoja.

"Rudia," alisema Yeneta tena, "lakini sasa iseme kwa lugha ya nyumbani. Wale wa nje nao wana njaa."

Basi Yirdaw akageukia mlango. Aliwaambia watu wa nje, kwa maneno ya kila siku, habari za panzi kumi na mbwa mmoja. Aliwaambia kwamba ameambiwa nje wako mbwa, na yeye amewahi kuumwa na mmoja wao, lakini ameangalia vizuri, na aliyelala nje ndiye anayekwenda kutazama njia, na siku mlango ukifunguliwa ndiye anayeingia mguu kwa mguu na mwenye nyumba. Hakuhitaji kupaza sauti zaidi. Kwao hata watoto wanajua kuongea na watu walio mbali.

Vigelegele vilianzia nje. Vilianzia kwa mama mwenye mtoto mchanga, au kwa Emama Bosena, watu hawajakubaliana mpaka leo, vikauzunguka uwanja wote, vikaingia ndani ya kanisa, na wapiga ngoma hawakungoja kuambiwa. Watu waliojiona wachafu asubuhi ile walilia na kucheka kwa pamoja. Yirdaw naye alilia, na hakuona haya hata kidogo. Alikuwa na furaha kuliko alivyowahi kuwa maishani mwake.

Mjomba Asres alipita katikati ya makasisi akiwakanyaga, akamshika mpwa wake kichwa kwa mikono miwili. Libanos alisogea baada yake. Alikuwa amekunja uso, kama mtu anayetafuna kitu kigumu, maana alikuwa bado anaigeuza kine ile akitafuta pa kuikosoa. Mwisho akakiri kwamba panzi ndio waliommaliza. Asingewafikiria panzi hata kidogo. Akamwomba aiseme tena. Yirdaw akaisema, mara ya tatu kwa Kigeezi, kwa ajili ya Libanos peke yake.

Yeneta alipokuja kumvika shuka la baraka mabegani, juu ya ile ngozi ya kondoo iliyochakaa, watu walinyamaza ili wasikie jina. Mwalimu lazima ataje jina la anayebarikiwa, na halitajwi mara mbili. Mzee yule alikuwa amewachapa vijana kwa irabu moja. Hakuna aliyewahi kumsikia akikosea neno la Kigeezi, hata akiwa na homa.

Alimtazama Yirdaw, kisha akavuta pumzi.

"Nenda ukafundishe," alisema, "Kaaaalebu." Na akalivuta jina hilo taratibu, mpaka likafika nje ya uzio, ambako mbwa alisimama akatikisa mkia.